Mgunga Upi?

Ukitaka kuijua nchi ya migunga, tazama kwanza watu wake wamevaa nini miguuni. Kuanzia Longido hadi Isiolo utawakuta na katambuga, ambazo Kenya huitwa akala: viatu vizito vilivyokatwa kwenye tairi kuukuu la gari, na mikanda yake ni mpira uleule. Mgeni hudhani ni umaskini, au ni ubunifu wa kuuzia watalii. Basi abaki na ndala zake za plastiki, atembee hatua hamsini chini ya mti. Mwiba mweupe wenye urefu wa kidole utapita kwenye ndala kama sindano kwenye kanga, na jioni atajikuta ameinua unyayo kwenye mwanga wa taa, anaambiwa atulie huku mwenyeji akiutafuta kwa pini.

Mwiba huo ndio unaotufanya tuseme "mgunga" na kuishia hapo. Kwa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa, mgunga ni mti wa nchi kavu, una miiba, una umbo la mwavuli lile linalochapwa kwenye kadi za posta, twiga akiwa mbele na jua likizama nyuma. Mchungaji wa Kimaasai haoni mti mmoja hapo. Ana oltepesi, ana olerai, ana olkiloriti, ana eluai, ana oiti, ana olderkesi. Kila jina ni mti mwingine, mara nyingi udongo mwingine, na kazi nyingine. Na baadhi yamekuwa majina ya mahali, kama Oltepesi kule Kajiado na msitu wa Lerai ndani ya kreta ya Ngorongoro. Msomali naye hatachanganya qurac na cadaad, wala cadaad na galool. Kiswahili chetu cha mjini kimeifunika miti hii yote kwa neno moja, na maamuzi mengi mabaya juu yake, ya kuikata, kuipanda na hata kuihifadhi, huanzia pale ambapo hakuna aliyeuliza: mgunga upi?

Wanasayansi nao walikuwa na neno lao moja, na lilipowashinda waligombana kweli. Tangu Philip Miller alipoliandika rasmi mwaka 1754, jina Acacia lilibeba miti zaidi ya 1,000 ya Afrika, Asia, Amerika na Australia. Asili yake ni Kigiriki cha kale, na limetokana na neno la ncha au mwiba. Baadaye uchunguzi wa vinasaba ukaonesha kwamba hao si ukoo mmoja. Ni koo kadhaa zilizofananishwa kwa majani na maua. Ikabidi kugawana mirathi. Kwa desturi ya taaluma hiyo, jina la ukoo hubaki kwa kundi lenye mti uliowekwa kuwa kielelezo chake, na mti huo ulikuwa wa kwetu, mgunga wa mto Nile. Lakini Australia ilikuwa na aina karibu 1,000, na kuzibadilisha zote majina kungekuwa kazi kubwa. Mkutano wa wataalamu wa mimea uliofanyika Vienna mwaka 2005 ukakubali kielelezo kihamishiwe kwenye mti wa Australia, na ule wa Melbourne mwaka 2011 ukakataa kuurudisha nyuma uamuzi huo.

Hivyo kwa kanuni za leo, migunga yetu si Acacia tena. Imegawanywa katika koo mbili kubwa, Vachellia na Senegalia. La kwanza ni jina la kasisi Mwingereza, George Harvey Vachell, aliyekuwa akikusanya mimea huko Macau; amefika vipi kwenye mbuga za Serengeti ni habari ya urasimu. Na hapa ndipo kichekesho kilipo. Ukipanda nyanda za juu za Njombe, au miteremko ya Kiambu na Murang'a, utakuta mti usio na mwiba hata mmoja, wenye maua ya manjano hafifu na majani kama manyoya. Ni muwati, mgeni kutoka Australia, aliyeletwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya tanini iliyo kwenye magome yake. Huyo ndiye mwenye haki ya kuitwa Acacia. Wenyeji wa tangu enzi na enzi wamenyang'anywa jina, mgeni amebaki nalo.

Sina kinyongo na uamuzi wenyewe, kwa kuwa mti hausomi cheti chake. Ila mgawanyo huo una faida kwa mtu wa kawaida, kwani unaonekana kwa macho bila darubini. Shika tawi (polepole). Ikiwa miiba imenyooka na imekaa miwili miwili kwenye kila fundo, na maua ni vijidonge vya mviringo kama shanga za manjano au nyeupe, huyo ni wa upande wa Vachellia. Ikiwa miiba ni mifupi, imepinda kama ndoano, na maua yamejipanga kwenye kishikio kirefu kama brashi ya kusafishia chupa, huyo ni wa upande wa Senegalia. Oiti, ambaye jina lake la kitaalamu maana yake ni mleta asali, ana ndoano mbili mbili. Olderkesi, mti wa gundi, ana tatu pamoja: mbili zimeangalia mbele na moja nyuma, hivyo ukijivuta kutoka kwenye mbili unanaswa na ya tatu. Na oltepesi, yule wa umbo la mwavuli, kwa ujanja wake ana zote mbili kwenye tawi moja, sindano ndefu nyeupe na ndoano fupi za kahawia. Swala akikwepa moja, nyingine inamngoja.

Baada ya mwiba, angalia umesimama juu ya nini. Migunga husoma maji na udongo kuliko inavyosoma mvua.

Olerai hataki kuwa mbali na maji. Ni mti mrefu wenye gome la manjano ya kijani, linaloacha unga unga ukilipangusa kwa kiganja, na gome hilo lenyewe hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua kama majani yafanyavyo. Wazungu wa karne ya 19 waliuita mti wa homa, kwa sababu kila aliyepiga kambi chini yake aliamka na malaria. Mti haukuwa na hatia. Ulipenda tu kusimama kwenye ardhi chepechepe, na mbu walipenda papo hapo. Ni mpaka 1897, Ronald Ross alipokiona kijidudu cha malaria ndani ya mbu, ndipo lawama zilipohama. Leo olerai hupandwa kando ya barabara za Nairobi kwa uzuri wake na kwa kuwa hukua haraka. Lakini kupenda maji si kupenda kuzama. Ziwa Nakuru lilipoanza kupanda miaka ya 2010, maji yaliingia kwenye msitu wa olerai ulioko ufukweni, na miti ikafa ikiwa imesimama, mamia ya magogo meupe ndani ya maji, minandi wakikausha mabawa juu yake. Katika Lerai ya Ngorongoro pia sehemu kubwa ya msitu ilikufa, na chumvi iliyoongezeka ardhini imetajwa kuwa miongoni mwa sababu. Kwa hiyo mti huu ni kipimo. Ukiuona, kuna maji chini. Ukiuona unakauka bila shoka, maji yamebadilika.

Oltepesi ni kinyume chake. Anaishi Turkana, anaishi Sahara. Ule mti maarufu wa Ténéré nchini Niger, uliokuwa peke yake jangwani mpaka lori lilipougonga na kuuangusha mwaka 1973, ulikuwa wa aina hii, na watu waliochimba kisima karibu nao miaka ya 1930 walikuta mizizi yake mita zaidi ya 30 chini. Kwetu hahitaji kwenda mbali hivyo, lakini tabia ni ileile: chini anatafuta maji kwa subira, juu anatandaza mwavuli.

Kuna jambo moja kuhusu mwavuli huo ambalo wapiga picha hawalioni. Simama Manyara au Seronera, uangalie urefu wa miti. Mara nyingi yote inalingana, kana kwamba ni askari wa gwaride. Ni rika. Kwa kawaida mche wa mgunga huliwa na swala kabla haujafika magotini, mwaka hadi mwaka, na mti mkubwa huzeeka bila mrithi. Kinachovunja mzunguko huo ni msiba wa wanyama. Sotoka ilipofagia ng'ombe, nyati na nyumbu mwishoni mwa karne ya 19, miche ilipata nafasi ya kuinua kichwa juu ya midomo. Herbert Prins na Henk van der Jeugd walieleza mwaka 1993, kwa kuhesabu umri wa miti kwenye bonde la Manyara, kwamba marika ya migunga huambatana na vifo vikubwa vya namna hiyo, vikiwemo vile vya swala vilivyoletwa na kimeta. Kivuli anachokifurahia mtalii leo kilianza na mizoga. Na mhifadhi anayeona miavuli mikubwa tu, bila miche chini yake, asiridhike na uzuri wa mandhari. Anaangalia ukoo usio na watoto.

Eluai ndiye ninayempenda zaidi, ingawa ni mfupi na hana sura. Yeye ni wa mbuga kwa maana ya asili ya neno hilo: ardhi nyeusi ya mfinyanzi, inayonata kama ulimbo masika na kupasuka nyufa za kumeza mguu kiangazi. Miti mingine huogopa udongo huo, kwa kuwa unapopasuka hukata mizizi. Eluai hutawala humo karibu peke yake, maili kwa maili, kama ilivyo Laikipia na sehemu za nyanda za Serengeti. Baadhi ya miiba yake imevimba chini kama kitunguu, rangi ya kahawia nyeusi, ndani mna uwazi. Sisimizi hutoboa mlango, wakaingia, wakazaa. Upepo ukivuma kwenye matundu yale, mti mzima hupiga mluzi, na Waingereza wameuita kwa huo mluzi.

Ni mkataba wa nyumba kwa ulinzi. Mti unatoa chumba na unatoa chakula, matone ya utamu kwenye vikonyo vya majani. Sisimizi wanatoa ulinzi: tembo akitia mkonga, wanaingia puani na kuuma palepale panapouma zaidi. Mnyama wa tani kadhaa anayeng'oa mibuyu hukwepa mti wa kimo cha mtu kwa sababu ya wadudu wasiofikia punje ya mchele.

Huko Mpala, Laikipia, watafiti walijenga uzio mwaka 1995 kuzuia wanyama wakubwa wasiingie kwenye vipande kadhaa vya ardhi. Mtu yeyote angetarajia miti ya ndani ya uzio inawiri, maana hailiwi. Todd Palmer na wenzake walipochapisha matokeo mwaka 2008 ilikuwa kinyume. Mti ulipoona hakuna adui, ulipunguza mshahara: vyumba vichache, utamu kidogo. Walinzi wazuri wakadhoofika. Mahali pao pakachukuliwa na aina nyingine ya sisimizi, wavivu, ambao hawaishi kwenye miiba iliyovimba bali kwenye mashimo yanayochimbwa na mbawakawa kwenye shina, na hivyo hawana sababu ya kumfukuza mbawakawa. Miti isiyoliwa na twiga wala tembo ikakua polepole na kufa zaidi kuliko iliyokuwa ikiliwa. Nimesoma habari hiyo mara nyingi na bado huwa naichukulia kama onyo kwa kila mtu anayedhani kuhifadhi ni kuweka seng'enge.

Habari haikuishia hapo. Sisimizi mgeni mwenye kichwa kikubwa, anayefuata mizigo na makazi ya watu duniani kote, ameingia Laikipia. Anawaua sisimizi wenyeji wa eluai, lakini yeye halindi chochote. Douglas Kamaru na wenzake, waliofanya kazi katika hifadhi ya Ol Pejeta huko huko Laikipia, walieleza mwaka 2024 mnyororo uliofuata. Pasipo walinzi, tembo waliila na kuivunja miti mara tano hadi saba zaidi. Miti ilipoanguka, mbuga ikawa wazi. Mbuga ilipokuwa wazi, simba akakosa pa kujificha, na pundamilia akamwona mapema. Mwaka 2003 pundamilia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba pale. Kufikia 2020 walikuwa asilimia 42, na nyati, ambao mwanzo hawakuwemo, wakafikia asilimia 42 pia. Mdudu amembadilishia simba chakula, na kilichokuwa katikati yao ni mti ambao wengi wetu tungeuita kichaka cha miiba.

Sasa matumizi. Hapa ndipo kuchanganya majina kunapogeuka hasara ya fedha.

Anza na gundi. Ukinywa soda, kuna uwezekano mkubwa umemeza kidogo cha olderkesi. Utomvu wa mti huo, unaokauka juu ya tawi kama jiwe la kaharabu, hushika mafuta ya ladha yasielee juu ya maji kwenye chupa. Hutumika pia kwenye peremende, dawa za vidonge, rangi za maji na wino. Sudan, hasa Kordofan, ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya gundi ya dunia, na uzito wa bidhaa hii ulionekana Marekani ilipoiwekea nchi hiyo vikwazo mwaka 1997: gundi iliruhusiwa kupita. Wakulima wa kule wanajua kazi yao. Mvua zikiisha na majani yakianza kupukutika, wanachuna ukanda mwembamba wa gome bila kuijeruhi mbao iliyo ndani, wanaondoka, wanarudi baada ya wiki kadhaa kuokota machozi yaliyoganda. Wanatofautisha hashab, yaani gundi ya mti huu, na talha ya mgunga mwingine, na bei ni mbili tofauti. Vita vilivyoanza Aprili 2023 vimeivuruga njia hiyo, na wanunuzi wamekuwa wakitazama kwingine. Mti upo Turkana, Samburu, Isiolo, Wajir na Garissa. Upo Singida na Dodoma. Lakini huku kwetu kazi mara nyingi ni ya kuokota tu: mchungaji akipita akaona tone, anatia mfukoni. Tone la mti huu na tone la mgunga wa jirani yakiingia gunia moja, mnunuzi hulipa bei ya lililo duni, na mara nyingine hulikataa gunia zima.

Olkiloriti, mgunga wa Nile, una kazi ya magome na mizizi. Tanini yake ilisindika ngozi Misri ya kale, na mbao zake ngumu ziliunda mashua za mto huo. Waliosoma Biblia ya Kiswahili wameupita mti wa ukoo huu mara nyingi bila kuutambua, kwani sanduku la agano katika kitabu cha Kutoka lilitengenezwa kwa "mti wa mshita", na mshita ni mgunga. (Katika Kurani nako lipo neno talhi, ambalo wafasiri wengi wamelifahamu kuwa ni ndizi, ilhali kwa Waarabu wa jangwani ndilo jina la mgunga. Wenye elimu wanajadiliana bado.) Kwa Wamaasai, gome la olkiloriti huchemshwa ndani ya supu ya nyama, hasa morani wanapokwenda kambini olpul. Supu inakuwa nyekundu na chungu. Wenyewe husema inayeyusha mafuta tumboni na kuutia mwili nguvu.

Mkaa ni habari fupi na mbaya. Mbao za migunga mingi ni nzito, na mkaa wake hulia kama chuma ukigonganisha vipande viwili. Mama wa jikoni anaujua kwa sauti kabla hajauliza bei. Sifa hiyo ndiyo kifo chake. Somalia, galool, mti uliotoa nguzo za nyumba na maua ya asali, uligeuzwa magunia na kusafirishwa kupitia Kismayo hadi Ghuba kiasi kwamba Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku biashara hiyo Februari 2012, kwa kuwa fedha zake zilikuwa zikilisha vita. Hata hapa, kujua mti ni muhimu. Eluai ukiukata vizuri huchipua tena kutoka kisikini, na utafiti wa Laikipia umeonesha unaweza kuvunwa upya baada ya takriban miaka 14. Lakini olderkesi uliokatwa kwa mkaa umeuza miaka yake yote ya gundi kwa bei ya gunia chache. Kama ni lazima kuchoma, muwati upo, unakua haraka, na nyanda za juu zimejaa.

Maganda ya oltepesi ni hazina ya kiangazi. Yamejikunja kama springi ya kitanda, yana protini, na huanguka wakati ambapo majani mengine yameisha. Kando ya mto Turkwel, Waturkana, ambao huuita mti huo ewoi, wana utaratibu unaoitwa ekwar: familia inakuwa na haki juu ya miti fulani ya ukingoni na maganda yake, na mbuzi wa mtu mwingine hawaingii bila ruhusa. Miradi mingi ya maendeleo ilifika ikidhani ule ni msitu usio na mwenyewe.

Kosa la kinyume lilifanyika Baringo. Miaka ya 1980 ardhi ilikuwa imechoka, ikaletwa miche ya mti wa Amerika unaofanana na mgunga kwa majani na miiba, unaostahimili ukame, unaokua upesi. Leo unaitwa mathenge. Ulienea kuliko ilivyotarajiwa, ukafunga njia na malisho, na maganda yake matamu yakaozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wakazi walikwenda mahakamani na kumpeleka mbuzi kibogoyo awe ushahidi. Watu walicheka, lakini yule mbuzi hakuwa mzaha. Mti wenye miiba si mgunga kwa sababu tu una miiba.

Kwa mkulima wa mahindi, mmoja anastahili kuulizwa kwa jina: Faidherbia albida, ule unaosimama kwenye kingo za mchanga za Ruaha, ambao tembo hungojea maganda yake yaliyojikunja kama vipande vya tofaa lililokaushwa. Zamani alihesabiwa Acacia, sasa ana ukoo wake peke yake, na tabia yake ni ya kushangaza. Mvua zikinyesha na kila mti ukichanua, yeye anapukutisha majani. Kiangazi kikikausha dunia, yeye ni kijani. Fikiria maana yake shambani: mahindi yanapohitaji jua, hakuna kivuli; majani yaliyoanguka yameshakuwa mbolea, na mizizi ina vifundo vinavyoingiza naitrojeni ardhini; mahindi yakishavunwa, ng'ombe wana kivuli na malisho. Zambia wakulima wamehimizwa kuipanda kwa mita 10 kwa 10, miti 100 kwa hekta. Ubaya wake ni kwamba inadai subira ya miaka mingi kabla ya kulipa, na mkulima anayelima shamba la kukodi hana sababu ya kumpandia mwenye ardhi.

Ukitaka kuotesha mgunga, mbegu yake ina ganda gumu. Njia ya vitalu ni kumimina maji ya moto juu yake na kuiacha iloweke usiku kucha. Njia ya zamani ni mbuzi. Mbegu ikipita tumboni ganda hulegea, na hutoka pamoja na samadi. Robin Reid na James Ellis walionesha mwaka 1995, kusini mwa Turkana, kwamba miche ya ewoi hujaa kwenye maboma yaliyohamwa kuliko kwingineko, kwenye mduara uleule ambamo mifugo ililala. Mfugaji aliyelaumiwa kwa kumaliza misitu alikuwa anaipanda bila kujua.

Na kuna sehemu ambako haikuhitajika hata mbegu. Usukumani, serikali ya kikoloni ilifyeka vichaka vya Shinyanga kupambana na mbung'o. Baadaye pamba, mifugo na kuni vikamaliza kilichobaki, mpaka watu wakaanza kuyaita maeneo yale jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ulianza kama miradi yote, kwa vitalu na miche. Wenyeji walikuwa na ngitili: kipande cha malisho kinachofungwa mvua zinapoanza, kisiguswe, kikafunguliwa katikati ya kiangazi kwa ndama, ng'ombe wazee na wagonjwa. Vijiji viliporudia kufunga ngitili, ikaonekana kwamba migunga haikuwa imekufa. Visiki na mizizi vilikuwa hai ardhini miaka yote hiyo, vikichipua na kuliwa, vikichipua na kukatwa. Hekta zilizofufuka zimekadiriwa kuwa zaidi ya 300,000. Ukipita huko mwezi wa Mei utaona mpaka kwa macho: upande huu nyasi fupi na vumbi, upande ule migunga imepita kichwa cha mtu, na kwenye lango, badala ya seng'enge, tawi moja la miiba limelazwa njiani.